Ugumu wa Toleo la Pili: Waanzilishi wa Majarida ya Kiswahili kutoka Kiungani hadi Lubumbashi

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mwanzo kokochi, mwisho nazi. Methali hii hutumiwa kumtia moyo mtu anayeanza kazi ndogo. Lakini kila aliyewahi kuketi chini ya mnazi anajua kwamba kokochi nyingi hupukutika kabla ya kuwa dafu, na methali yenyewe haizitaji. Historia ya magazeti ya Kiswahili nayo imeandikwa mara nyingi kama historia ya nazi. Wanafunzi wetu wanalijua Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam Januari 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, likadumu miongo kadhaa. Lilikuwa na hazina ya serikali nyuma yake, na shule za serikali mbele yake. Wachache zaidi wanajua habari za wale walioanza pasipo hazina wala njia iliyokwisha kutengenezwa.

Makala haya yanakusudia kuwatazama hao. Tumechagua mifano minne: Msimulizi la Kiungani, Unguja (1888), Sahifa na Al-Islah, yaliyoandikwa Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1930 hadi 1933), Kwetu la Erica Fiah, Dar es Salaam (1937), na maandishi ya André Yav, Lubumbashi (1965), ambayo si jarida, bali yanatuonyesha ugumu uleule katika ardhi yetu ya Kongo. Swali letu ni hili: ni kitu gani hasa kilikuwa kigumu kwa mtu aliyeanza kuchapisha kwa Kiswahili bila kutanguliwa na yeyote?

Jibu la haraka ni fedha na mashine. Hatulikatai, lakini halitoshi. Tutajaribu kuonyesha kwamba toleo la kwanza huzaliwa na shauku ya mwanzilishi peke yake, ilhali toleo la pili linahitaji msomaji aliyekwisha kujibu. Na msomaji hajibu mpaka aamini kwamba Kiswahili alicho nacho yeye kinastahili kupigwa chapa.

2. Kiungani, 1888: jarida katika mwaka wa vita

Chama cha kimisionari cha Kiingereza kilichojulikana kwa herufi UMCA kilihamia Unguja mwaka 1864. Huko Kiungani, nje kidogo ya mji, kilikuwa na chuo cha wavulana. Wengi wao walikuwa watumwa waliokombolewa baharini, walioteremshwa kutoka majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Baadaye waliongezeka watoto wa watu huru kutoka bara. Edward Steere, aliyekuwa askofu wa misheni hiyo hadi alipofariki mwaka 1882, alikuwa amesimamisha huko mtambo wa kupigia chapa na kuwafundisha vijana kuutumia. Kwa hiyo Msimulizi lilipotokea Oktoba 1888, mashine ilikuwapo na mikono ya kuiendesha ilikuwapo. Kwa upande wa chuma, kazi ilikuwa imekwisha kufanyika.

Ugumu ulikuwa kwingine. Tutazame kalenda. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ilianza kushika utawala wa miji ya pwani kwa mkataba iliofanya na Sultani wa Zanzibar. Punde wenyeji wa Pangani wakainuka chini ya Abushiri bin Salim, na Saadani chini ya Bwana Heri. Desemba mwaka uleule Wajerumani na Waingereza waliifunga pwani kwa manowari zao. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Toleo la kwanza la jarida letu liliangukia katikati ya mambo hayo, nalo lilikuwa jarida ambalo wasomaji wake karibu wote walikuwa ng'ambo ya bahari ile iliyofungwa.

Wasomaji hao walikuwa nani? Walikuwa vijana waliosoma Kiungani kisha wakapelekwa kuwa walimu katika vituo vya misheni: Magila katika nchi ya Wabondei, Masasi na Newala upande wa kusini, na Likoma katika Ziwa Nyasa. Kufika Likoma watu walipita Msumbiji, wakipanda mito ya Zambezi na Shire. Barua iliyotoka huko kuja Unguja ilikuwa safari ya wiki nyingi. Mhariri aliyekuwa Kiungani aliandaa habari ambazo zilikuwa zimekwisha kuzeeka kabla ya kumfikia, na zingezeeka tena kabla ya kuwafikia wasomaji.

Hata hivyo jarida liliishi hadi mwaka 1896. Tunaamini sababu imo katika jina lenyewe. Msimulizi ni mtu anayewaeleza wengine yaliyomtokea. Jarida lilijazwa kwa kiasi kikubwa na barua za walimu hao hao waliotawanyika: habari za vituo, za safari, za magonjwa na mavuno, hata za michezo. Mwalimu wa Newala hakulisoma ili apate habari mpya za dunia, bali ili ajue mwenziwe wa Magila yu hali gani. Na yeye aliposoma, aliwiwa jibu. Hivyo orodha ya wasomaji na orodha ya waandishi zilikuwa karibu orodha moja.

Jambo moja hatuna budi kulitia mkazo kwa ajili ya wanaisimu. Vijana wa Kiungani hawakuwa Waswahili wa kuzaliwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wabondei, Wanyasa na wengineo. Kiswahili walikipata shuleni na katika maisha yao mapya. Kwa hiyo katika jarida hili, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la lugha yetu, walioandika walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliojifunza lugha hiyo. Msomi wa Kongo anayeambiwa kwamba Kiswahili chake ni cha kuazima na akumbuke Kiungani.

3. Herufi na tahajia

Tuna mazoea ya kuona mwandiko kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwanzilishi wa zamani hakuwa na raha hiyo. Kabla ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kabla ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, kila aliyepiga chapa aliamua mwenyewe. Ludwig Krapf aliifanyia kazi lahaja ya Mombasa, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Steere aliifanyia kazi lahaja ya Unguja, na kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870. Mhariri alipochagua tahajia alikuwa pia anachagua mji, na kwa kuchagua mji alikuwa akiwaambia wasomaji wa mji mwingine kwamba wao ni wageni.

Kulikuwa pia na jambo la chuma chenyewe. Katika upigaji chapa wa siku zile, kila herufi ilikuwa kipande cha risasi kilichotolewa katika kisanduku chake na kupangwa kwa mkono, neno baada ya neno. Herufi ziliuzwa kwa mafungu, na fungu lililotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza lilikuwa na e nyingi kuliko herufi nyingine yoyote, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kinavyotaka. Kiswahili kinataka vingine. Tuchukue sentensi ya kawaida: watu walikaa barazani wakasikiliza habari. Ina herufi 37. Kati ya hizo 12 ni a, na e haimo hata moja. Mpangaji aliyekuwa na fungu la Kiingereza aliweza kuishiwa na a kabla ya kumaliza ukurasa, huku kisanduku cha e kikiwa bado kimejaa. Njia iliyobaki ilikuwa kuagiza herufi zaidi kutoka ng'ambo, au kupiga chapa ukurasa mmoja, kuuvunja, kisha kuupanga wa pili kwa herufi zilezile. Hivi ndivyo muundo wa lugha unavyoingia katika gharama ya gazeti.

4. Mombasa, 1930 hadi 1933: mtu mmoja na kalamu yake

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891 hadi 1947) alikuwa katika hali iliyo kinyume cha ile ya Kiungani. Alikuwa Mswahili wa ukoo mashuhuri wa Mombasa, msomi aliyesoma kwa masheikh wakubwa wa Mombasa na Unguja. Lugha ilikuwa yake, na heshima ya watu ilikuwa yake. Alichokosa ni chama cha kumbeba. Alikuwa amelisoma jarida la Al-Manar lililotolewa Cairo na Rashid Rida, akaona jinsi jarida linavyoweza kuwaamsha Waislamu. Akataka jambo kama hilo kwa watu wa pwani, na kwa lugha yao.

Alianza kwa udogo mwaka 1930. Sahifa maana yake ni ukurasa, na jina hilo halikutia chumvi. Alizungumza humo juu ya elimu, juu ya uvivu na ubadhirifu, juu ya kuiga Wazungu pasipo kupambanua jema na baya. Mwaka 1932 akafuatiliza Al-Islah, jarida kubwa zaidi, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Hilo lilidumu kiasi cha mwaka mmoja tu. Katika miaka hiyohiyo alibeba pia kazi ya ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Hapa tunaona ugumu wa aina nyingine. Jarida linalokaa katika kichwa cha mtu mmoja hushindana na kila kazi nyingine ya mtu huyo. Hakuna walimu wa Magila watakaoleta barua siku ambayo mhariri ana kesi barazani. Tena suala la hati lilikuwa zito zaidi kwake. Wasomaji wake walilelewa katika hati ya Kiarabu, ambayo ilikuwa imekiandika Kiswahili kwa karne kadhaa, lakini haina herufi zake yenyewe za p, ch, g wala v, na irabu zake tatu hazitoshi kwa irabu tano za Kiswahili. Sheikh Al-Amin alijitaabisha kuirekebisha hati hiyo ili iendane na sauti za lugha. Ni kazi ya mwanaisimu, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

Je, tuseme alishindwa? Mwaka 1944 makala ya Sahifa yalikusanywa yakatolewa kama kitabu, kwa jina Uwongozi. Kitabu hicho kilisomwa katika madarasa ya pwani, na katika karne hii kimetafsiriwa kwa Kiingereza na kurudi mikononi mwa wasomi. Karatasi zilizokoma zilifufuka kwa sababu kuna mtu aliyezihifadhi. Hili tutalirudia.

5. Dar es Salaam, 1937: mwenye duka na gazeti lake

Erica Fiah alizaliwa Uganda, akafika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya kazi ya ukarani alifungua duka Dar es Salaam. Mwaka 1934 alianzisha chama cha Waafrika cha kusaidiana na kufanya biashara, na Novemba 1937 akatoa Kwetu, gazeti la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika.

Ugumu wake ulikuwa na pande tatu. Kwanza, sheria: tangu mwaka 1928 nchi ile ilikuwa na sheria ya magazeti, na mwenye gazeti alipaswa kujisajili na kujulikana kwa serikali. Mtu aliyekusudia kusema yaliyowaudhi wakubwa alianza kwa kuwaandikia jina lake na mahali anapokaa. Pili, ushindani: Mambo Leo liliuzwa kwa bei ambayo hazina ya serikali iliiwezesha, na mwenye duka hakuweza kuilinganisha na gharama zake. Tatu, tabia ya wasomaji wenyewe. Gazeti la Kiswahili lilikuwa kitu cha baraza. Mmoja alilinunua, akalisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Kisha likapita mkono kwa mkono hadi karatasi ikachakaa. Kwa mwenye fikira za kuwaamsha watu, hiyo ilikuwa baraka. Kwa mwenye kulipa mchapaji, ilikuwa hasara: sauti ilifika kwa wengi, bali senti zilirudi kutoka kwa mmoja.

Kwetu halikutoka kwa mpango uliotulia. Lilikawia, likaruka, likarudi. Lakini liliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, muda mrefu kuliko Msimulizi na mrefu mno kuliko Al-Islah. Tukitafuta sababu, tunarudi kwenye jina tena. Kwetu si jina la mtu wala la ofisi; ni neno linalomwingiza msomaji ndani ya nyumba. Makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo waliandika humo malalamiko yao juu ya mishahara, kodi, shule na heshima ya Mwafrika. Wengi wao walikuwa wametoka bara, na mhariri mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Uganda. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe kwamba Kiswahili chake hakitoki pwani, kwa kuwa wote walikuwa wamekijia lugha hii kwa njia ya kazi na mji.

6. Lubumbashi, 1965: chapa bila shule

Sasa tuje kwetu Kongo. Kiswahili kilifika Maniema na Katanga kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakita mizizi Nyangwe na Kasongo, kisha katika karne ya 20 kikawa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Magazeti yaliyotolewa kwa lugha hiyo yalikuwa kwa kawaida na mwenye nyumba mkubwa. Mwana Shaba, kwa mfano, lilianzishwa mwaka 1957 na kampuni ya Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake. Gazeti la namna hiyo halina tatizo la toleo la pili: kampuni inayolipa mishahara inalipa na karatasi.

Ndiyo maana maandishi yaliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 yana thamani ya pekee. Yaliandikwa kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, nayo yanasimulia historia ya mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kama watumishi hao walivyoiona na kuikumbuka. Yalipigwa kwa taipureta na kurudufishwa kwa wino. Hakukuwa na mchapaji, mhariri wa shule wala kamati ya lugha. Mwandishi alikata maneno pale sikio lake lilipomwambia akate, na nukta na mkato havikufuata sheria tuliyofundishwa. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeweza kuyajaza alama na kuyatupa.

Hayakutupwa. Nakala ilimfikia mtafiti Johannes Fabian, ambaye aliyatoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Ilimbidi kuyasoma kwa sauti na kuyasikiliza kwa msaada wa msemaji wa Kiswahili cha Katanga, kwani ni maandishi yanayofahamika kwa sikio kabla ya jicho. Leo hakuna anayechunguza historia ya Lubumbashi au ya Kiswahili chake anayeweza kuyapita. Lakini tuseme ukweli: yalikosa toleo la pili. Wazee wale walisema mara moja. Hapakuwa na chombo cha kupokea jibu la mzee mwingine wa Likasi au wa Kolwezi aliyekumbuka mambo kwa namna nyingine, na wakati ulipopita, jibu hilo lilikwenda kaburini na wenyewe.

7. Hitimisho

Mifano hii minne haifanani kwa dini, kwa mali wala kwa hati. Lakini tukiipanga pamoja, tunaona utaratibu mmoja. Kiungani kulikuwa na mashine, na jarida likaishi miaka minane kwa sababu wasomaji walikuwa waandishi. Mombasa kulikuwa na elimu kubwa na lugha safi, na jarida likakoma haraka kwa sababu mzigo wote ulikuwa juu ya bega moja. Dar es Salaam fedha zilikuwa haba na sheria ilikuwa nzito, na gazeti likadumu kwa kuwa watu waliona ni lao. Lubumbashi kulikuwa na maneno mengi ya kusema, lakini hakukuwa na mahali pa kuyapeleka kwa mara ya pili.

Kutokana na hayo tunatoa mafundisho mawili kwa vyuo vyetu, ambako majarida huzaliwa kwa sherehe na mara nyingi hufa kimya.

La kwanza linahusu lugha. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Hata hivyo mwanafunzi wa Kongo anayetaka kuandika katika jarida la Kiswahili hukabiliwa kwanza na hofu: je, Kiswahili changu ni sanifu ya kutosha? Hofu hiyo ndiyo inayoua toleo la pili, kwa kuwa inawanyamazisha wale ambao wangejibu. Sisi hatusemi usanifu uachwe. Jarida la chuo kikuu lina wajibu wa kulinda lugha iliyokubaliwa na wote. Tunasema kuwe na kurasa ndani yake kwa barua, kwa kumbukumbu za wazee, kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Kisangani na cha Lubumbashi kama kinavyosemwa, pamoja na maelezo ya mhariri pale yanapohitajika. Msimulizi lilijengwa na watu waliojifunza Kiswahili. Hatuna sababu ya kudai zaidi kuliko mwanzo wenyewe ulivyodai.

La pili linahusu hifadhi. Tofauti kati ya Sahifa iliyofufuka na karatasi nyingine nyingi zilizopotea si ubora wa maneno tu. Ni kwamba kuna aliyezikusanya. Kila toleo litokalo, hata likiwa na kurasa nne zilizorudufishwa, liwekwe nakala tatu: moja maktabani, moja idarani, moja nje ya mji. Ni kazi isiyo na sifa, na haihitaji fedha za kigeni.

Mnazi hauzuii kokochi zake zisianguke. Lakini mwenye shamba anayejua kazi yake huziokota zilizoanguka, akazitazama, akajua mti unaumwa nini.